Bango linasema milioni 500, mzee anaona boma: Serikali imetumia shilingi ngapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi wa kituo cha afya katika kata yetu, kando ya ziwa upande wa Sengerema. Bango la mradi limeandikwa Sh milioni 500. Kwenye akaunti ya kituo zimeingia milioni 250, na mpaka mwisho wa mwezi uliopita tulikuwa tumelipa milioni 183. Fundi anatudai milioni 14 za kazi aliyokwisha kuifanya, na aliyetuletea kokoto anadai milioni 9. Stoo kuna bati, mbao na saruji za milioni 31 ambazo hazijaguswa. Fundi wa milango na madirisha tulimtangulizia milioni 12, hajaleta hata fremu moja. Wananchi walichimba msingi na kusomba mawe na mchanga bila malipo. Jengo la wagonjwa wa nje limefika kwenye lenta, wodi ya wazazi iko kwenye jamvi. Juzi kwenye mkutano wa kijiji kiongozi mmoja alisema Serikali imetumia milioni 500 hapa kwetu. Mzee mmoja akasimama akauliza: 'Ziko wapi, mbona mimi naona boma?' Nilishindwa kumjibu. Halafu kata ya jirani wanatuambia wao wamejenga kwa bei ndogo kuliko sisi. Serikali imetumia kiasi gani hasa? Na nitajuaje kama tunaibiwa?"*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikupongeze kwa kuyaandika hayo yote kwa tarakimu. Nimekuwa mkadiriaji majenzi, yaani mpimaji wa kazi na gharama za ujenzi, hapa Mwanza kwa miaka mingi, na kamati zinazoniletea swali likiwa na deni la fundi, mali ya stoo na malipo ya awali, kila kimoja mahali pake, ni chache mno. Nusu ya jibu umeshaibeba mwenyewe.

Hofu yako naielewa hivi: una nambari kadhaa, kila mmoja anashika anayoipenda, na wewe uliyekabidhiwa kalamu unaonekana ama huelewi hesabu ama unaficha jambo. Nikutoe hofu hiyo. Hizo nambari karibu zote zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu hazipimi kitu kimoja.

Milioni 500 ni makadirio, yaani kiasi ambacho Serikali imekusudia kutumia mpaka kituo kikamilike. Milioni 250 ni fedha iliyotolewa. Milioni 183 ni fedha iliyolipwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokuambia ni kazi ya shilingi ngapi imesimama pale kiwanjani, na mzee wako aliuliza hilo hasa. Kiongozi aliyesema "imetumia milioni 500" alikosea kitenzi. Angesema "imetenga" asingekuwa na ubishi na mtu.

Sasa tuitafute hiyo kazi iliyosimama. Anza na milioni 183 mlizolipa. Ongeza deni la fundi, 14, na la kokoto, 9, maana kazi imeshafanyika na kokoto zimeshaingia kwenye zege hata kama pesa haijatoka. Tunafika 206. Toa milioni 31 za stoo: bati lililoegemezwa ukutani bado si paa. Tunabaki na 175. Toa 12 za milango na madirisha, kwa kuwa pale mmelipia ahadi. Inabaki milioni 163. Hiyo ndiyo gharama ya Serikali iliyokwisha kuingia kwenye majengo yenu mpaka mwisho wa mwezi uliopita.

Nguvu za wananchi zina hesabu yake. Kaeni na mtendaji wenu, mkubaliane mtaro ule wa msingi na zile tripu za mawe na mchanga vingewagharimu kiasi gani kama mngelipa kwa bei ya hapo kwenu. Tuseme mmefikia milioni 11. Basi ujenzi una thamani ya milioni 174, lakini matumizi ya Serikali yanabaki 163. Msichanganye hizo mbili. Nimeona taarifa ambamo jasho la wananchi limeingizwa kwenye "fedha za Serikali", na nyingine ambamo limesahaulika kabisa, kina mama waliobeba maji kutoka ziwani wiki nzima hawaonekani mahali popote. Yote mawili ni kuwakosea.

Njia hii si ya kwangu. Nchi zinazofuatilia ujenzi wa umma kwa karibu hupima hivyohivyo. Ofisi ya Sensa ya Marekani, kwa mfano, hutoa kila mwezi takwimu ya thamani ya kazi iliyokwisha kujengwa. Wenye miradi iliyochaguliwa huulizwa mwezi baada ya mwezi, hadi mradi uishe: mwezi huu imejengwa kazi ya kiasi gani? Hawaulizwi hundi ya mwezi huu ilikuwa kubwa kiasi gani. Wanahesabu vifaa vilivyokwisha kufungwa, ujira, sehemu ya ukodishaji wa mitambo, faida ya mkandarasi, ada za wasanifu na wahandisi. Hawahesabu bei ya ardhi wala matengenezo ya majengo ambayo tayari yapo. (Ukiikuta takwimu yao ikinukuliwa, uwe mwangalifu: hutangazwa kwa kasi ya mwaka, kana kwamba mwendo wa mwezi ule ungeendelea miezi 12. Anayeisoma kama matumizi ya mwezi mmoja anaikuza mara kumi na mbili.)

Kwa nini wajisumbue hivyo, wakati taarifa ya benki ni rahisi? Kwa sababu pesa na kazi haziendi mguu kwa mguu. Mkandarasi hupewa malipo ya awali kabla hajachimba, kwa hiyo mwanzoni pesa inatangulia. Katikati kazi inatangulia: amejenga, amepimiwa, hati ya malipo imesainiwa, na bado anasubiri. Mwishoni sehemu ya fedha yake huzuiliwa mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Na hapa kwetu kuna Juni. Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa Juni 30, na kamati zikiogopa fedha kurudi Hazina hukimbilia kununua vifaa kwa wingi. Ukiangalia malipo utadhani Juni ilijengwa shule nzima, kumbe imejazwa stoo.

Angalia daraja letu la Kigongo hadi Busisi. Lina urefu wa kilomita 3 hivi, gharama yake ni zaidi ya Sh bilioni 700, ujenzi ulianza 2020 na likafunguliwa Juni 19, 2025. Ukiandika kwamba Serikali ilitumia bilioni 700 kwa daraja mwaka 2025, umekosea vibaya. Wakati sisi bado tunavuka kwa kivuko, tulikuwa tukiziona nguzo zikipanda msimu baada ya msimu. Kila mwaka wa fedha ulibeba kipande chake, na ni kile kipande kilichojengwa mwaka ule kinachostahili kuhesabiwa ndani ya mwaka ule.

Nikuonye na mitego mingine mitatu, maana utaikuta kwenye vikao vya kata.

Wa kwanza ni kudhani kwamba "fedha za maendeleo" maana yake ni ujenzi. Ndani ya fungu hilo mna magari, mafunzo, vifaa tiba, madawati. Hata meli ya MV Mwanza iliyoundwa bandari ya Mwanza Kusini, kwa wanatakwimu haiingii kwenye ujenzi, inaingia kwenye mitambo na vyombo vya usafiri, ingawa ni mradi mkubwa wa Serikali na sote tunajivunia. Wa pili ni kuhesabu shilingi moja mara kadhaa. Hazina inatoa, TAMISEMI inapokea na kushusha, halmashauri inaandika, kituo nacho kinaandika. Anayejumlisha vitabu vya ngazi zote anapata mradi mkubwa mara kadhaa kuliko ulivyo. Hesabu pale pesa inapotoka kwenda kwa fundi au muuza vifaa, huko juu ni kupitisha tu. Wa tatu ni mradi unaovuka mipaka: reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, haiwezi kuandikwa yote kuwa fedha iliyojengwa mkoani Mwanza, maana Isaka iko Shinyanga.

Turudi kiwanjani kwako, kwa sababu swali lako la mwisho ndilo zito: nitajuaje kama tunaibiwa?

Milioni 163 tuliyoipata imetoka kwenye vitabu. Inasema mmeingiza gharama kiasi gani kwenye majengo. Haisemi majengo yale yana thamani hiyo. Ili kujua hilo lazima mtu ashike tepu, na hapa usikubali kuambiwa "tumefikia asilimia 70" na mtu aliyesimama getini. Macho hudanganya. Boma likifika lenta linaonekana kama limekaribia kuisha, kumbe pesa nyingi bado iko mbele: kupaua, dari, milango, umeme, mabomba, vigae, rangi. Na kinyume chake, ukijenga kwenye udongo mweusi karibu na maji, msingi unaweza kumeza pesa nyingi na mpita njia akaona nyasi tu. Asilimia halali hutoka kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi zote za mradi na bei zake: kila kazi ina kiasi chake na bei yake, unapima kilichofanyika, unazidisha kwa bei ile, unajumlisha.

Nikuonyeshe kwa mfano mmoja. Zamani kidogo niliitwa kwenye kisiwa kimoja. Kamati ilikuwa imegawanyika, upande mmoja ukimtuhumu mtunza stoo kwamba amekula saruji. Leja yake ilisema jamvi la chumba cha mita 12 kwa 8 lilikula mifuko 118. Nilipopiga hesabu kwenye karatasi, niliingia wasiwasi mimi mwenyewe. Mita 12 kwa 8 ni mita za mraba 96. Mchoro ulisema unene ni sentimita 10, kwa hiyo zege lilipaswa kuwa mita za ujazo 9.6. Mchanganyiko wa moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula kama mifuko 6 na nusu ya saruji kwa mita moja ya ujazo. Ni mifuko 62 au 63, na ukiongeza inayomwagika haifiki 70. Iliyobaki karibu 50 iko wapi?

Yule mtunza stoo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, hasemi kitu. Nikaomba koleo. Tulichimba pembeni mwa jamvi upande wa juu, tukakuta sentimita 10 kamili kama mchoro. Tukaenda upande wa chini, unaoelekea ziwani. Tulichimba mpaka mpini ukaanza kuzama, nikaingiza tepu: sentimita 25. Kiwanja kilikuwa na mteremko, na fundi alisawazisha kwa zege badala ya kujaza mawe na kifusi kwanza. Chukua wastani wa sentimita 17 na nusu, zidisha kwa 96, unapata mita za ujazo 16.8. Zidisha kwa mifuko 6 na nusu: 109. Ongeza ya kumwagika, unafika 118. Mifuko yote ilikuwa pale chini ya miguu yetu.

Hakukuwa na wizi. Kulikuwa na hasara: mtu hakupima mteremko, na badiliko lile halikuandikwa wala kusainiwa na yeyote. Nakusimulia haya kwa sababu nawaona vijana wengi waaminifu wakichafuliwa majina kwa kukosa karatasi moja, na nawaona pia wajanja wakijificha nyuma ya maneno "kiwanja kilikuwa kibaya". Koleo na tepu huwatenganisha hao wawili ndani ya saa moja.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Mna jamvi na mna kuta. Kwa tofali za inchi 6 za kawaida, mita moja ya mraba ya ukuta hula tofali 10 hivi ukihesabu na zinazovunjika, kwa hiyo ukuta wa mita 8 kwa 3 ni kama tofali 240, kabla hujatoa nafasi ya milango na madirisha. Linganisheni na leja. Tofauti ya kumi kwa mia isiwatoe jasho, ujenzi una upotevu wake. Ikikaribia nusu, simamisheni ununuzi wa kitu hicho na muite mtu.

Kabla ya hapo, mwanangu, kuna hesabu ndogo ambayo ningeifanya leo hii. Ziliingia 250, zikalipwa 183, basi taarifa ya benki ya siku ile ya mwisho wa mwezi lazima ionyeshe salio la milioni 67. Kama hazipo, na hakuna hundi iliyo njiani, hilo ndilo swali la kwanza kabla ya tofali wala saruji. Kama zipo, mkumbuke kwamba zenu huru si 67. Kuna deni la milioni 23 ndani yake, kwa hiyo mnazo 44 za kuendelea nazo. Kamati nyingi hukwama hapa: wanaona salio nono, wanaanzisha jengo jingine, fundi anakuja kudai na kazi inasimama.

Kuhusu kata ya jirani, msishindane kabla hamjajua mnashindanisha nini. Ulizeni mita za mraba. Ulizeni mwaka waliojenga: darasa lililopewa Sh milioni 20 mwaka wa fedha wa 2021/22 halijengeki kwa bei ileile baadaye, vifaa vikishapanda. Baraza la Taifa la Ujenzi hutoa viwango vya mabadiliko ya bei, vinavyosaidia kurekebisha malipo ya wakandarasi wa mikataba mirefu na kutupa sisi namna ya kulinganisha miaka. Ulizeni kiwanja: anayeukuta mwamba wa Mwanza kabla hajachimba futi moja hahitaji msingi wa kwenda chini sana, lakini akiwa mlimani atajenga ukuta wa kuzuia udongo. Ulizeni saruji ilivuka maji au haikuvuka, mtu wa Ukerewe ananielewa.

Na ulizeni kama walitumia mkandarasi au Force Akaunti kama ninyi, yaani kamati kununua vifaa na kumlipa fundi yenyewe bila mkandarasi. Hapa niseme wazi maoni yangu. Force Akaunti imetujengea madarasa na zahanati nyingi kwa fedha kidogo, na mimi siipingi. Lakini unafuu wake haupimwi kwa haki. Bei ya mkandarasi ina faida yake, ofisi yake, msimamizi wake na VAT ya asilimia 18. Kwenye Force Akaunti, mshahara wa mhandisi wa halmashauri, mafuta ya gari lake na siku ambazo mganga mfawidhi ameacha wagonjwa kwenda kusimamia kokoto, vyote vimelipwa na Serikali kupitia mafungu mengine. Havionekani kwenye milioni 163 yenu. Ni matumizi ya Serikali kwa ujenzi, ila yamelala kwenye kitabu kingine. Vitabu vyote viwili vikifunguliwa, Force Akaunti bado mara nyingi ni nafuu, ila kwa pengo dogo kuliko linalotangazwa.

Sasa ni lini mnahitaji mtu afike mwenyewe? Mkiona ufa unaopita kwenye tofali lenyewe, si kwenye lipu tu, au lenta inayopinda, msipaue. Mwiteni mhandisi wa halmashauri siku hiyohiyo, hesabu zitasubiri. Kipimo cha thamani kikiachana sana na 163, tuseme BOQ ikawapa 110, ombeni mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa apime upya. Halmashauri inaweza kumpata, na kazi ya kituo kama chenu ni ya siku moja au mbili. Vitabu visivyolingana na benki ni kazi ya mkaguzi wa ndani wa halmashauri, msimngoje Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Na kama mnaombwa kusaini mapokezi ya vifaa ambavyo hamjaviona, msisaini. Pigeni TAKUKURU, namba 113, ni bure. Yule wa milango mpeni barua yenye tarehe, mkaione kazi kwenye karakana yake. Mkikuta fremu zimechomelewa mtalala usingizi. Mkikuta hakuna, milioni 12 hizo si za kungoja mpaka paa liishe.

Mkutano ujao, usiende na nambari moja. Benki haibishaniwi, ndiyo nguvu ya zile 250 na 183. Thamani ya kazi inahitaji kupimwa na inaweza kupambwa na mpimaji asiye mwaminifu, lakini bila hiyo mzee hajajibiwa. Andika kwenye karatasi kubwa: zilizotengwa 500, zilizofika 250, zilizolipwa 183, tunazodaiwa 23, zilizoko stoo 31, zilizoko kwa fundi wa milango 12, zilizoko kwenye majengo 163, na nguvu zenu wananchi. Ibandike ukutani kwenye jengo lile la lenta. Halafu mwombe mzee huyo ashike ncha ya pili ya tepu.